Nusu Mzunguko

Orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye karakana ya marehemu ilikuwa na kurasa tatu, na Koplo aliisoma yote kwa sauti ileile moja, kama mtu anayesoma majina ya waliofeli mtihani.

"Viwembe, saba. Mkasi mdogo, mmoja. Vidonge vya uzi, mia moja na kumi na moja. Nilivihesabu mara mbili, afande, kwa sababu mara ya kwanza niliviangusha. Betri ya gari, moja, chini ya meza. Mshumaa, nusu. Brashi, nne. Fimbo ya kuvulia samaki iliyovunjika, moja, ndani ya pipa la taka. Fimbo ya kuvulia samaki nzima, moja, kwenye mota."

"Kwenye mota inafanya nini?"

"Inazunguka. Tulipofika jana asubuhi ilikuwa inazunguka, polepole kama feni mbovu. Niliizima mimi. Mtu amelala pale amekufa na kitu kinazunguka tu. Nilishindwa kuandika."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro kidogo, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na tabia moja ambayo Mkuu wake wa kituo hakuipenda hata chembe: jalada likikaa vizuri sana, yeye alikosa raha.

Na hili lilikaa vizuri. Fundi, mtengenezaji wa fimbo za kuvulia, mtu ambaye wavuvi wa starehe walimngoja miezi mitano awatengenezee fimbo moja, alikutwa Jumanne asubuhi kwenye sakafu ya karakana yake, amepigwa kisogoni kwa kipande cha chuma. Leo ilikuwa Jumatano. Mahabusu alikuwa mkwe wake, mume wa bintiye, dereva wa lori. Fundi wa cherehani wa mlango wa pili aliwasikia wawili hao wakigombana Jumatatu saa tano asubuhi. Kwenye shati la mkwe vilikutwa vipande vya uzi kutoka meza ya Fundi. Daktari aliandika kwamba marehemu alipigwa kati ya saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, wala hakufa papo hapo. Lori la mkwe lilitoka bohari saa nane mchana likaenda mji wa mbali, halikurudi mpaka kesho yake. Lakini kati ya saa sita na saa nane hakuna aliyemwona mkwe popote.

Kilichofunga mlango kabisa kilikuwa maelezo ya mshirika wa Fundi, yule aliyesimamia mauzo na ambaye watu wote walimwita Bwana Duka. Yeye ndiye aliyeukuta mwili. Alieleza kwamba Jumatatu saa tatu asubuhi alimwona Fundi kwa macho yake akiipaka gundi fimbo ya mwisho na kuiweka kwenye mota, kisha yeye akaenda kwenye kibanda chake sokoni. Karakana nzima haikuwa na kazi nyingine iliyoguswa baada ya hiyo. Mtu asiyekaa bila kazi hakufanya lolote mchana kutwa. Kwa hiyo, alisema Mkuu, mchana huo alikuwa ameshaangushwa.

"Saa nane mchana jalada liwe kwa mwendesha mashtaka," Mkuu alikuwa ameagiza. "Ukiniletea hadithi nyingine, iwe fupi."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Inspekta alichukua shati lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akashuka mahabusu.

Mkwe alikuwa mtu mkubwa, mabega kama ya kabati, na amekaa kwenye ncha ya benchi kama mgeni.

"Uzi huu uliupata wapi?"

"Nilimshikia kidonge. Baba mkwe akianza kuzungusha uzi anataka mtu wa kumshikia. Hata kama anakusema, unashika huku unasemwa."

"Alikuwa amefika wapi na hiyo kazi?"

"Anaanza. Kijani tu. Nyeupe na dhahabu zilikuwa bado kwenye boksi."

Inspekta aliinua mfuko kwenye mwanga. Vipande kumi na kimoja, na vyote kijani. Fimbo iliyokutwa kwenye mota ilikuwa na rangi tatu.

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Nimepata kazi mbali. Nahama na mke wangu na watoto. Akasema namnyang'anya wajukuu. Nikamwambia, baba, mimi nimekuja hapa na betri begani ili usihangaike umeme ukikatika, na wewe unanirushia maneno. Nilikuwa chini ya meza nafunga waya, na yeye anaisema miguu yangu, maana ndiyo aliyokuwa anaiona."

"Mliachanaje?"

Mkwe alitazama sakafu. "Vibaya. Nilimwambia atazungusha nyuzi mpaka siku atakayozungushiwa sanda. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nikaenda kulala kwenye lori mpaka saa ya kuondoka. Nani ataniona nimelala kwenye lori?"

Binti wa Fundi alikuwa kwenye korido ya kituo tangu jana, chupa ya chai pembeni, ileile ya jana, haijafunguliwa. Aliposikia mlango aliinuka.

"Wanamtoa?"

"Bado, mama. Kaa. Nataka unifundishe kazi ya baba yako, mimi sijui kitu. Ile fimbo ya kwenye mota ina pambo la nyuzi juu ya mpini. Kama uru za karata, zimepangana."

"Uru tatu kwa rangi tatu." Alijifuta macho kwa kiganja, na sauti ikapata nguvu kidogo kwa sababu jambo lilikuwa analijua. "Unaanza na kijani, unakwenda mshazari, unarudi, uzi unapishana palepale kila mara. Halafu nyeupe, halafu dhahabu pembeni. Ukikosea nafasi ya unywele mmoja, uru inapinda na unafumua yote. Kwa baba, saa tano. Kwa mtu mwingine, siku nzima na matusi."

"Kisha anapaka gundi."

"Kwanza dawa ya kutunza rangi. Bila hiyo, gundi ikigusa uzi mweupe, unakuwa kama shati jeupe lililolowa, unaona hadi ndani. Dawa inakauka kama saa moja. Ndiyo gundi, ile ya kuchanganya chupa mbili, na fimbo lazima izunguke saa tatu nne mpaka ishike. Ikisimama, gundi inachuruzika upande wa chini, kazi yote imekwenda na maji."

Inspekta alihesabu kwenye vidole. Kama saa tano asubuhi Fundi alikuwa bado kwenye kijani, gundi isingepakwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakati huo mkwe alikuwa barabarani, saa tatu za mwendo kutoka hapo. Lakini hilo lilikuwa neno la mahabusu dhidi ya neno la Bwana Duka, na vipande kumi na kimoja vya uzi ambavyo Mkuu angevipuliza kwa pumzi moja.

"Na umeme ukikatika katikati?"

Binti alikaribia kutabasamu. "Zamani hatukuwa na mota, mota tulikuwa sisi watoto. Unageuza nusu mzunguko, unahesabu mpaka mia, unageuza nusu tena. Ukisinzia unachapwa. Na baba alikuwa anajua tu. Anaiweka dirishani, anasema, hii imegeuzwa na mkono. Mota inatoa duara. Mkono unatoa yai."

Inspekta alimwambia arudie maneno hayo ya mwisho, akayaandika.

Kabla ya kuingia karakana alipita kwa fundi wa cherehani, mama mnene aliyekuwa na sindano tatu mdomoni na bado anaongea. Umeme? Asimtaje huyo mgonjwa. Jumatatu ulikatika saa kumi na moja na robo jioni, na nguo ya bibi harusi iko nusu mkono, akafunga duka akaenda zake. Ulirudi alfajiri.

"Ulimwona Bwana Duka jioni hiyo?"

"Sikumwona. Lakini mimi nikishona naona sindano tu."

Bwana Duka aliwangoja Inspekta na Koplo mlangoni mwa karakana, funguo mkononi. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na sauti laini ya kuuzia. Aliwaambia pole kwa kazi. Aliwaambia angalieni kizingiti. Koplo, ambaye alikuwa ameshajikwaa hapo jana, alijikwaa tena.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kuuzia, fimbo zimesimama ukutani kwenye vishikio, kila moja na alama ya Fundi karibu na mpini: mizunguko mitatu ya uzi mwekundu. Inspekta alipita taratibu, mikono nyuma. Kwenye fimbo nyingi uzi mweupe ulikuwa mweupe. Kwenye saba za mwisho ulikuwa wa kijivu, na chini yake weusi wa ufito ulionekana.

"Hizi pia ni zake?"

"Zote ni zake. Si unaona alama?"

"Nimeiona alama." Aligusa moja. "Na ile iliyovunjika, ya kwenye pipa? Nayo ina alama, na uzi wake mweupe umelowa hivihivi."

"Fimbo huvunjika, Bi Inspekta. Mteja anamvuta samaki kama anavuta ng'ombe."

"Mteja gani?"

"Hilo ningemuuliza Fundi." Alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa imepigwa pasi.

Karakana ilikuwa nyuma, chumba kirefu chenye dirisha moja. Meza ndefu ukutani. Vidonge vya uzi kwenye misumari, vimepangwa kwa rangi kutoka nyeusi mpaka nyeupe, isipokuwa safu moja ambayo Koplo aliipanga upya kadiri alivyoweza. Chini ya meza maboksi, na gunia limetandazwa juu ya kitu. Sakafuni doa lililosuguliwa halikutoka lote. Na juu ya meza, mpini wake umebanwa kwenye kibano cha mota, ile fimbo.

Inspekta aliinama. Hakuwa mtu wa kusifia vitu, lakini hapa alisogeza uso karibu zaidi. Uru zilipanda juu ya mpini moja baada ya nyingine, kijani ndani ya nyeupe ndani ya dhahabu, na kila ncha ilikutana na mwenzake bila kupitiliza. Nyeupe ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hii ndiyo kazi yake," alisema.

"Hakuna mkono mwingine kama ule nchi nzima," alisema Bwana Duka, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kuuzia. "Mimi nilianza naye hapa mezani. Miaka sita nilizungusha uzi. Siku moja akaniambia, wewe nenda mbele ukauze, mkono wako una haraka."

"Uliumia?"

"Alisema kweli."

"Nieleze Jumatatu tena."

"Saa tatu asubuhi niliingia kuchukua mizigo. Alikuwa anamalizia kupaka gundi. Akaweka kwenye mota. Nikamuaga. Sikurudi mpaka Jumanne."

"Na jioni?"

"Kibandani, kisha nyumbani. Ninaishi peke yangu, Bi Inspekta. Ukuta wangu hauwezi kuja kutoa ushahidi."

Inspekta alichukua mezani kipimo cha chuma chenye meno mawili ambacho mafundi hupimia unene, akakibana taratibu kwenye pambo. Alisoma. Aligeuza fimbo robo, akabana tena palepale. Alimwita Koplo asome yeye, kwa sababu macho yake yalikuwa machanga.

"Huku nene zaidi, afande. Kwa milimita moja kasoro."

"Geuza robo nyingine."

"Imerudi nyembamba. Nageuza... nene tena."

"Nene upande huu, na nene upande wa pili unaoelekeana nao. Yaani duara au yai?"

"Yai," alisema Koplo, bila kujua amesema nini.

Bwana Duka alikuwa anajua. Hakusogea, ila mkono wake wenye funguo ulishuka ukaingia mfukoni.

"Gundi ikipakwa saa tatu asubuhi," Inspekta alisema, "inashika saa ngapi?"

"Saa sita. Saba ikichelewa."

"Jumatatu umeme ulikatika saa kumi na moja na robo jioni. Gundi ya saa tatu asubuhi ingekuwa imeshakauka duara zamani. Hii ilikuwa mbichi umeme ulipokatika, na mtu aliigeuza kwa mkono. Nusu mzunguko, nusu mzunguko."

"Basi nilikosea," alisema Bwana Duka, haraka, kisha akapunguza mwendo. "Inawezekana niliona dawa ya rangi, nikadhani gundi. Mtu amepatwa na msiba, kichwa hakipo. Basi alipaka jioni, umeme ukakatika, akageuza mwenyewe. Ni kawaida. Wote hapa tumegeuza kwa mkono."

"Akageuza mwenyewe."

"Angefanya nini tena? Umeme ukikatika hakuna njia nyingine. Unalegeza kibano, unawasha mshumaa, unageuza mpaka ishike. Ni kazi ya kuua mgongo, lakini ndiyo hiyo."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna. Nilimwambia miaka mingi anunue betri. Ubishi."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alipiga magoti kwa taabu, kwa sababu magoti yake yalikuwa na umri mkubwa kuliko yeye, akavuta lile gunia.

Betri ilikuwa mpya, bado na karatasi ya dukani ubavuni. Waya mbili zilipanda nyuma ya mguu wa meza hadi kwenye swichi ndogo nyekundu iliyopigiliwa palepale ambapo mkono wa mtu aliyekaa ungeifikia bila kuangalia. Inspekta alimwonyesha Koplo soketi, Koplo akachomoa waya wa umeme. Kisha Inspekta alibonyeza swichi. Mota ikaguna, na fimbo ikaanza kuzunguka.

"Mkwe wake aliileta Jumatatu saa tano asubuhi," alisema. "Akaifunga huku anasemwa. Fundi aliijua. Mkwe aliijua. Fundi angekuwa na fahamu umeme ulipokatika, angenyoosha kidole tu. Kwa hiyo saa kumi na moja na robo Fundi alikuwa ameshaanguka hapa chini. Na aliyegeuza alikuwa mtu anayeijua kazi hii kwa mkono, ila hakuijua betri, kwa sababu alipoondoka saa tatu asubuhi ilikuwa haijaletwa."

Bwana Duka aliitazama fimbo inavyozunguka.

"Nilipitia hapa nikifunga kibanda," alisema mwishowe. "Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka. Akaniwekea mezani ile iliyovunjika. Mvuvi mmoja aliirudisha, akaiacha kwa jirani. Akauliza, huu uzi nimezungusha mimi? Alama yangu, kazi ya kiwandani. Alikuwa ameshajua kwamba nauza fimbo za kiwandani kwa alama yake. Akasema kesho anaandika kwa wateja wote, mmoja mmoja, awaambie. Akanigeuzia mgongo, akarudi kuangalia gundi yake kama mimi sipo."

"Ukachukua chuma."

"Nilichukua. Nilikuwa nimefika mlangoni. Naapa nilikuwa natoka. Umeme ukakatika, mota ikanyamaza, na nikaona gundi inaanza kushuka. Mnaiona hii? Ni nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Ningeiachaje ichuruzike?"

"Uligeuza mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili usiku. Ilipokuwa haishiki tena kidole, nikakaza kibano, nikaondoka."

Inspekta alimwonyesha Koplo simu kwa kidevu. Koplo alitoka mlangoni akapiga kituoni, na walimsikia akisema mwambieni yule mama wa kwenye korido afungue chai yake, mumewe anatoka. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Inspekta alibaki na Bwana Duka na mlio mdogo wa mota. Alitoa mkobani karatasi ya daktari, akarekebisha miwani. Sauti yake ilikuwa na hasira, na hakujaribu kuificha.

"Sikiliza. 'Alivuja damu polepole. Alifariki kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Msaada ungefika katika saa ya kwanza, uwezekano wa kupona ulikuwa mkubwa.'" Alikunja karatasi. "Saa zote ulizokuwa unageuza, alikuwa hai. Hatua mbili kutoka ulipokaa, na wewe una simu mfukoni. Hukumsikia akipumua?"

Bwana Duka aliangalia doa sakafuni, akapima kwa macho kutoka hapo mpaka kwenye kiti.

"Sikumtazama," alisema. "Nilikuwa nahesabu mpaka mia."